Shubiri Moja Kushoto

Siku ubao wa kugusa wa Shule ya Msingi ya Riamosota uliponyooshwa, watoto wote wa Gredi ya Pili waligeuka wajinga kwa mpigo mmoja. Wakati wa kupandisha bendera walikuwa bado werevu. Uji wa mapumziko ulipoiva, hakuna aliyekuwa na uhakika kuku ni yupi.

Mageuzi haya makubwa yalishuhudiwa na watu wazima kadhaa. Kulikuwa na Bwana Angwenyi, afisa wa mradi uliogawa mbao hizo, aliyekuja na gari jeupe na uso wa mtu anayekagua mabweni. Kulikuwa na Joash, mwalimu mkuu, ambaye tai yake huonekana siku za wageni na siku za mazishi tu. Kulikuwa na Hafiz, fundi kutoka Kisii mjini, ambaye familia yake inauza redio na runinga huko tangu enzi za babu yake. Na kulikuwa na Mzee Masese, mwenyekiti wa bodi ya shule na mzee wa kanisa la Wasabato, aliyeketi nyuma kabisa kando ya mlango, mahali pa mbali kuliko pote panapoweza bado kuitwa ndani.

Masese hakukaa huko kwa unyenyekevu. Mwalimu wa darasa, Nyanchera, alikuwa mke wa mwanawe Mose, na baina ya Mgusii na mke wa mwanawe kuna chinsoni, heshima inayopimwa kwa umbali. Mzee haingii nyumbani kwa mkaza mwana wake, hampi mkono, hamkazii macho. Naye mkaza mwana hathubutu kumtazama mkwewe akiwa katika hali isiyomfaa mzee. Nyumbani, kwenye kilima cha Manga, jambo hili lilikuwa rahisi, kwa kuwa nyumba ni mbili na migomba katikati ni mingi. Shuleni lilihitaji hesabu.

Nyanchera hakuwa mwalimu wa serikali. Aliajiriwa na bodi kwa kandarasi ya mwaka, na mwaka ulikuwa ukingoni. Angwenyi alikuwa amekuja kutazama somo moja. Akiridhika, Nyanchera angebaki na darasa lake. Asiporidhika, bodi ingetafuta mtu mwingine. Joash alikuwa amemweleza hivyo mara kadhaa, kwa ule upole unaomtoa mtu jasho.

Nyanchera aliwasha ubao. Wanyama wanne wakatokea kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia: ng'ombe, mbuzi, kuku, punda. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta mpaka wakang'aa kama viatu vya gwaride.

"Kwamboka," akasema Nyanchera, "njoo umguse kuku."

Kwamboka alikuwa wa kwanza darasani tangu chekechea. Alitembea mpaka mbele, akanyoosha kidole bila kusita hata kidogo, akamgusa mbuzi.

Ubao ukatoa mlio wa bati linalokwaruzwa, na alama nyekundu ya kosa ikamfunika mbuzi usoni.

"Kuku, Kwamboka."

Kwamboka alikitazama kidole chake. Alikifuta kwenye sketi, akamgusa tena mbuzi, safari hii kwa nguvu zaidi.

"Haya, mwingine," akasema Angwenyi.

Akaja Mogire, ambaye hukosea kwa nadra na hujisifu kila siku. Aliambiwa amguse ng'ombe. Mogire akaweka kidole pembeni mwa picha zote, kwenye ukingo mweupe mtupu, akasubiri. Ubao haukumjibu kitu. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Huyu anamtafuta ng'ombe ukutani," akasema Angwenyi, na Joash akacheka kwa sababu afisa ametania.

Angwenyi aliamua kuchagua mwenyewe. Alimwashiria msichana mdogo wa dawati la mbele, bila kujua kuwa huyo ni Lavender, binti wa mwalimu na mjukuu wa mwenyekiti. "Tatu jumlisha nne ni ngapi?"

"Saba," akasema Lavender.

"Vizuri. Basi nenda uiguse saba."

Nyanchera alileta namba kwenye ubao. Lavender akaenda, akaigusa sita.

"Ajabu," akasema Angwenyi. "Mdomo unajua, kidole hakijui."

Ndipo Nyanchera alipoujaribu mwenyewe. Kwa mazoea ya muhula mzima alilenga saba kwa kugusa shubiri moja kushoto kwake, na rangi ikatokea palepale chini ya kidole, juu ya sita. Alikiondoa kidole kama aliyegusa sufuria. Akatazama juu. Projekta, mashine ya darini inayourushia ubao picha, ambayo kwa wiki nyingi ilikuwa imekigeuza kichwa chake upande kama mtoto aliyenuna, ilikuwa imetulia katikati, imenyooka. Nyuma ya darasa Hafiz alimwinulia dole gumba.

"Niliinyoosha asubuhi mkiwa kwenye bendera," akasema Hafiz kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi ambayo hakutumwa. "Ilikuwa imepinda vibaya."

"Sasa naelewa," akasema Nyanchera. Alimgeukia Angwenyi. "Bwana afisa, picha ilikuwa imehama. Ukigusa hapa, ilikuwa ikiandika kule. Tulijifunza kugusa shubiri moja kushoto. Watoto wanajua kila kitu. Nipe wiki moja tu wazoee."

"Mradi hauna wiki," akasema Angwenyi. "Ilipinda lini?"

"Mwanzoni mwa muhula."

"Na hukuripoti."

"Sikuripoti."

"Kwa hiyo ulipoona chombo kimepinda, ulionelea uwapinde watoto."

Joash alirekebisha tai yake, ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Nani aliipinda?" akauliza Angwenyi. "Maana hiki ni chuma. Hakijipindi."

"Kilivutwa," akasema Hafiz, akiwa bado anafikiri anasaidia. "Kama mtu alikitundikia kitu kizito."

Mzee Masese aligeuza kofia yake na kusoma maandishi ya ndani, ambayo yalikuwa saizi ya kofia tu.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Kanisa la Wasabato lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo ibada ilifanyika Gredi ya Pili, darasa pekee lenye umeme. Ijumaa moja alasiri, maandalizi ya Sabato ya Wageni yalipokuwa yamepamba moto, Mzee Masese alionelea kuwa bango la kuwakaribisha wageni litaonekana vyema likining'inia katikati. Bango lilikuwa la turubai, na fito zake zilikuwa za mkaratusi. Mzee alivua viatu, akavua koti, akakunja suruali, akapanda juu ya dawati na kulifunga bango kwenye mkono wa projekta. Wakati huohuo Nyanchera alikuja kuchukua madaftari. Alifika mlangoni, akamwona mkwewe juu ya dawati akiwa hivyo, mikono hewani, na akafanya ambacho mkaza mwana yeyote mwenye adabu angefanya. Aligeuza uso na kuondoka mbio. Mzee alisikia viatu vyake. Tangu hapo hawakulitaja, na watu wasiolitaja jambo hawana namna ya kulitaja jambo lililo ndani yake.

"Nimeuliza nani," akasema Angwenyi.

"Mimi ndiye msimamizi wa darasa," akasema Nyanchera.

Lilikuwa neno la kweli kabisa, na halikujibu swali. Angwenyi aliliandika.

* * *

Hafiz alimkuta Nyanchera kando ya jiko la shule, akiwagawia watoto uji ambao si zamu yake kugawa.

"Mwalimu, si ungeniambia nisiiguse?"

"Ningekuambiaje? Nilikuwa kwenye bendera."

"Naweza kuirudisha ilivyokuwa. Ni kazi ya kufumba na kufumbua."

"Uipinde tena?"

"Naipinda, tunamwita afisa, watoto wanapata yote."

Wote wawili walilifikiria jambo hilo kwa uzito unaostahili. Kutoka uwanjani ilisikika milango ya gari jeupe ikifungwa.

"Ameshaondoka," akasema Nyanchera.

"Wallahi mimi katika maisha yangu sijawahi kulaumiwa kwa kunyoosha kitu," akasema Hafiz.

"Hujalaumiwa. Chukua uji."

Hafiz alipokea kikombe, akanywa akiwa amesimama, kwa adabu ya mtu aliye matangani.

* * *

Habari zilimfikia Mose kabla hajafika nyumbani. Mose ni mwendeshaji bodaboda, na kituo chake kiko Kebirigo, mahali ambapo habari hufika zikiwa zimeongezwa chumvi na pilipili. Abiria wake wa mwisho, mama mwenye mkungu wa ndizi, alimwambia mlimani: "Wewe ndiye bwana ya yule mwalimu watoto yake hawajui kuku?" Mose alisema siye. Kisha akaona haya, akasema ndiye.

Alimkuta mkewe jikoni akimenya ndizi za kupika. Lavender alikuwa ameketi kizingitini akigusa vidole vyake kimoja kimoja.

"Mama, nilijua ni saba."

"Nilikusikia, mama. Ulisema vizuri."

"Ubao ndio umesahau."

"Nenda umwangalie ndama."

Mtoto alipotoka, Mose alikaa kwenye kigoda. "Joash anasema nini?"

"Bodi inakaa Jumanne. Afisa ameandika kwamba niliharibu, nikaficha. Kuna kijana anaitwa Bravin ameshaleta barua."

"Uliharibu wewe?"

Nyanchera alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu. Kisha alimwambia. Alimwambia kuhusu bango, dawati na mkono wa projekta, kwa sauti ya chini, ingawa nyumba ya mkwewe ilikuwa ng'ambo ya migomba na upepo ulivuma kutoka huko.

"Na hukusema," akasema Mose.

"Ningesema nini? Pale mbele ya Angwenyi, naye ameketi pale nyuma, nianze kwamba nilimkuta mkwe wangu amepanda dawati bila koti?"

"Bila koti?"

"Na soksi moja ilikuwa na tundu."

Mose alikuna kichwa. "Uliona mpaka soksi?"

"Niligeuka haraka. Soksi ndiyo iliyokuwa mbele."

"Si ungemwambia tu Joash kwamba projekta imepinda. Bila kutaja mtu."

"Nilimwambia. Jumatatu ileile iliyofuata. Akaniuliza, imepindwa na nani, maana mradi unataka jina. Nikasema basi, tutaitumia hivyohivyo. Akafurahi." Alitupa maganda kwenye karai. "Mwanzoni nilidhani ni kwa siku mbili. Halafu watoto wakazoea, Mose. Wakawa hodari. Kuna siku nilisahau kabisa kwamba imepinda."

"Basi mimi nitamwendea."

"Atakuuliza umejuaje."

"Nitasema umeniambia."

"Yaani nilimtazama, halafu nikaja kukusimulia."

Mose alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwisho aliondoka bila kusema anakokwenda, na kwa kuwa alipita katikati ya migomba, hapakuwa na haja ya kusema.

* * *

Mzee Masese alikuwa uani akinoa kisu cha kupogolea majani chai. Mkewe, Ruth, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharagwe. Mose aliwaamkua, akapewa kiti, akaulizwa hali ya barabara. Alieleza hali ya barabara kwa kirefu. Ilikuwa mbaya.

"Tata," akamwambia babake mwishowe, "Nyanchera ataondolewa."

"Bodi itaamua."

"Ataondolewa kwa sababu ya bango."

Kisu kilisimama juu ya jiwe. "Bango gani?"

"La Sabato ya Wageni."

"Bango la Bwana lilining'inia siku moja tu. Kama chuma cha mradi hakiwezi kubeba jina la Bwana siku moja, hicho si chuma." Alianza kunoa tena. Kisha, bila kuinua macho: "Alinitazama?"

"Aligeuka."

"Nilisikia viatu."

Ruth aliendelea kuchambua. Maharagwe mazuri yaliingia kwenye ungo, mabovu yakaenda kwa kuku.

"Sikiliza," akasema Masese. "Siku alipoajiriwa, nilitoka chumbani ili wasiseme mwenyekiti anaweka watu wake. Nilikaa nje kwenye mvua. Na bado wakamwita mwalimu wa boma. Nikisimama sasa nimtetee, watasema nini?"

"Si kumtetea, Tata. Ni kusema tu ulichofanya."

"Jumanne nitatoka chumbani, wapige kura. Hiyo ndiyo haki."

"Siku ya kumwajiri ulitoka," akasema Ruth kutoka kwenye mkeka. "Siku ya bango hukutoka. Jumanne utatoka tena."

"Mama Mose, wewe chambua maharagwe."

"Nachambua. Mwaka huu mawe ni mengi."

"Sijasema uongo wowote," akasema Masese.

"Hujasema," akakubali Mose. "Hata neno moja."

Mzee alikipima kisu kwa kidole gumba. Si kuvunja kitu kulikomtia haya. Mwanamume huvunja vitu, na Masese katika ujana wake alivunja hata daraja. Kilichomshinda ni kwamba hawezi kusimulia habari ya bango bila kusimulia habari ya dawati, na habari ya dawati ina koti ndani yake, na koti lina mkaza mwana mlangoni. Kukubali kwamba mke wa mwanawe alimwona bila koti, suruali imekunjwa, mbele ya watu wenye masikio, kulikuwa kama kuvua koti mara ya pili. Angeona afadhali aitwe mwizi wa bati za kanisa. Hilo angalau lina kanuni zake.

"Chai ipo?" akauliza.

"Ipo," akasema Ruth, na hakuinuka.

* * *

Jumanne, kijana Bravin alifika mapema kuliko wanabodi wote. Alikuwa na stashahada, bahasha, na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Aliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nyanchera alipofika hakuona benchi lingine, kwa hiyo wakaketi pamoja, bahasha ikiwa katikati.

"Samahani, mwalimu," akasema Bravin. "Huo ubao ni mgumu kutumia?"

"Si mgumu. Unagusa unachokitaka."

"Hivyo tu?"

"Siku hizi, ndiyo."

Bravin alishukuru. Alionekana kijana mzuri, na hilo lilimuudhi Nyanchera kuliko bahasha.

Ndani, Joash alisoma barua ya Angwenyi kwa sauti ya taarifa ya habari. Barua ilisema mwalimu alizembea kutunza chombo, hakutoa ripoti, na amewafundisha wanafunzi makosa kwa ustadi mkubwa. Ilishauri mwalimu mwingine atafutwe.

Walioketi kumsikiliza walikuwa watatu. Mzee Masese, kwenye kiti chenye mto. Nehemiah, mweka hazina, ambaye ana duka la mbolea Keumbu na alikuwa ameliacha na mtoto wa dada yake. Na Roda, mwakilishi wa wazazi, ambaye ni mama yake Mogire.

"Mimi niseme ukweli," akasema Roda. "Mogire alikuwa anapata yote. Nilikuwa nikijivuna hata sokoni. Lakini sasa kila kitu anagusa pembeni. Juzi nimempa simu yangu ampigie babake, amempigia pasta. Pasta akaja."

"Akafanya nini?" akauliza Nehemiah.

"Akaomba. Akala. Akaenda."

"Hoja iliyo mbele yetu," akasema Joash, "ni kandarasi ya mwalimu. Na kwa kuwa mwalimu ni wa boma la mwenyekiti, mwenyekiti kwa kawaida huwa anatoka."

"Kwa kawaida," akasema Masese. Alichukua kofia yake na kusimama.

Alifungua mlango. Nje, Nyanchera aliona anayetoka ni nani, akainuka upesi kumpisha na kugeuza uso wake ukutani, pua yake ikikaribia tangazo la chanjo. Bravin, ambaye hakuwa na undugu na mtu, alibaki ameketi akimtazama mzee machoni na kutabasamu kwa matumaini.

Masese alisimama kizingitini. Mguu mmoja ulikuwa nje. Aliutazama mgongo ule wa gauni la kijani kwa muda ambao chinsoni haikuuruhusu. Kisha aliurudisha mguu ndani.

"Mwalimu aingie pia," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Nyanchera akaingia, akasimama kando ya kabati la vitabu, macho sakafuni. Masese hakurudi kwenye kiti chenye mto. Alisimama mbele ya meza, mahali wanaposimama wanafunzi waliokamatwa wakiruka ua, na kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti ana ushahidi," akasema.

"Kuhusu mwalimu?" akauliza Joash.

"Kuhusu mwenyekiti."

Joash alimtazama Nehemiah. Nehemiah alitazama dari. Katika mafunzo ya bodi hawakufundishwa hatua inayofuata.

"Endelea, mwenyekiti," akasema Joash.

"Ijumaa kabla ya Sabato ya Wageni, mwenyekiti alikuja Gredi ya Pili kutundika bango. Alilitundika kwenye ile mashine. Ikapinda. Hakujua kama imepinda. Siku ya mgeni akajua, akanyamaza."

"Mwenyekiti huyu," akasema Nehemiah, akitaka kuwa na hakika, "ni wewe?"

"Ni mwenyekiti."

Roda alijisogeza mbele kwenye kiti. Yeye ndiye aliyekuwa na mtoto, na ndiye aliyekuwa na hasira. "Lakini mashine iko juu sana. Mwenyekiti aliifikiaje?"

"Alipanda juu ya dawati."

"Dawati la watoto? Na viatu?"

"Alivua viatu."

"Na mwalimu alikuwa wapi haya yote yakitendeka? Maana darasa ni lake. Hakuona?"

"Alifika mlangoni."

"Alifika, akaona, akanyamaza muhula mzima? Hilo ndilo mimi sielewi. Mtu aje tu kwa mwalimu mkuu aseme, mwenyekiti alikuwa juu ya dawati, amefanya hivi na hivi. Ugumu wake ni nini?"

Kofia ilizunguka mikononi mwa Masese mzunguko mmoja kamili.

"Ilikuwa joto," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mwenyekiti alikuwa amevua na koti. Na suruali ameikunja."

Roda alikuwa amefungua kinywa kwa swali jingine. Alimtazama mzee, akamtazama Nyanchera kando ya kabati, na kinywa kikafungwa polepole. Yeye mwenyewe alikuwa na baba mkwe, mzee mmoja wa Kebirigo, ambaye siku moja aliteleza na kuanguka mtoni mbele yake, naye Roda akapiga kelele za kuita msaada huku amempa mgongo. Nehemiah akakohoa. Joash aliigeuza barua ya Angwenyi, akaisoma nyuma, ambako hapakuandikwa kitu.

Hakuna aliyeuliza tena kwa nini mwalimu hakuripoti.

"Huyu Angwenyi," akasema Nehemiah, "si ni mtu wetu? Si ni Mgusii?"

"Amekulia mjini," akasema Joash.

"Aah. Basi aandikiwe."

"Nimwandikie nini? Kwamba nini kilimzuia mwalimu?"

"Mwandikie kwamba bodi imechunguza na kuridhika," akasema Roda. "Akitaka zaidi aende amuulize mama yake." Alijifunga leso upya kiunoni. "Na Mogire afundishwe upya. Simu yangu haiwezi kuendelea hivi."

Hapakuwa na kura. Nehemiah alitikisa kichwa kukubali, na Joash akaandika kwamba imepita. Masese alibaki pale mbele ya meza, kama mtu ambaye hajaambiwa kama aende au akae. Kutoka kwake mpaka kwa Nyanchera palikuwa na nafasi ya kutosha kupita mbuzi mmoja. Alimwelekea Joash.

"Mwambie mwalimu wa Gredi ya Pili arudi darasani."

Joash aligeuka. "Mwalimu, urudi darasani."

"Mwambie mwenyekiti nimesikia," akasema Nyanchera kwa sakafu. "Mwambie pia kuwasahaulisha watoto ni kugumu kuliko kuwafundisha. Nitahitaji wiki mbili au tatu."

Joash alifungua kinywa.

"Mwambie achukue mwaka," akasema Masese, na akavaa kofia.

Joash alimgeukia Nyanchera, akakaza tai, akamfikishia ujumbe.